Jina Nililompa Mama Wanza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika gereji ya marehemu Mzee Kamande pale Dagoretti, Nairobi, na plagi mpya ya gari iliniteleza mkononi ikaanguka kwenye saruji. Ilitoa mlio mdogo tu, kama kijiko kinapogonga kikombe. Hakuna aliyeusikia ila mimi. Nimeharibu makubwa zaidi katika kazi hii. Nimewahi kuangusha injini nzima mnyororo ulipokatika, na nimewahi kumrudishia mtu gari lake bila tone la oili. Hayo nayasimulia nikicheka. Hili silicheki, na nitakueleza kwa nini, ukiwa na subira na mzee ambaye magoti yake yalizeeka kabla ya mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa kijana, sijaoa. Mashine za kupima magari zilikuwa chache mjini, na barabara ile yote, kutoka kwetu hadi Adams Arcade, mimi peke yangu ndiye niliyejua kutumia moja. Unachomeka waya chini ya usukani, mashine inazungumza na kompyuta ya gari, kisha inakuandikia namba, na kila namba ina maana yake. Leo kila mmoja wenu, vijana mnaojifunza ufundi, anayo kwenye simu, lakini siku zile watu walikuwa wakisimama kunitazama. Wakaanza kuniita Daktari. Mwanangu, jina tamu linalewesha kuliko pombe. Nikaanza kupiga ovaroli pasi. Nikaanza kujibu salamu kwa kidevu.

Mzee Kamande, mwenye gereji, alikuwa mtu wa huko huko Dagoretti, wa ukoo uliolima pale kabla ya barabara ya lami. Yeye alisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni. Hakuipenda mashine yangu wala hakuichukia. Siku moja aliniambia, "Daktari, hata wale wa hospitali humgusa mgonjwa." Nilicheka. Nilidhani ni wivu wa mzee.

Sasa kulikuwa na mteja wetu mmoja, Mwalimu Muthoni, aliyefundisha shule ya msingi upande wa Kawangware. Alikuwa na gari dogo jeupe, la mitumba kutoka Japani, nalo lilikuwa limeanza kuchoka kwenye milima. Nikamwambia abadilishe koili zote nne na plagi zote nne. Kwa wewe usiyejua bado, koili ndiyo inayoipa plagi umeme, na plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Kila silinda ina koili yake na plagi yake. Spea za kampuni iliyotengeneza gari zilikuwa mbali na mfuko wa mwalimu, kwa hiyo tulikubaliana tutafute zile zinazotengenezwa na watu wengine zikatoshea. Si dhambi. Nusu ya magari ya mji huu yanatembea na spea za namna hiyo, na nyingi ni nzuri ukijua pa kununua.

Mimi nilijua pa kununua. Nilienda Ngara, kwenye maduka ya spea, kwa Mama Wanza.

Nikueleze kidogo kuhusu huyu mama. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mnene wa wastani, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uiname ili umsikie. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango. Na unajua desturi ya Ngara mpaka leo: spea ya umeme ikishatoka dukani, hairudi. Imeandikwa kwenye kila ukuta. Wauzaji hawana ukatili, ila fundi anaweza kuunguza koili kwa uzembe wake kisha akaja analia kwamba aliuziwa mbovu, na nani atajua? Mama Wanza peke yake ndiye aliyekubali kubadilisha. Alikuwa na chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, na kila kitu cha umeme alichokuuzia alikitia nukta moja pembeni, akaipuliza ikauka. Ukirudi na kitu chenye nukta yake, hakuulizi maswali. Anakupa kingine. Mafundi tulimpenda kwa hilo, na wateja walimwamini kwa sababu sisi tulimwamini. Hakuwa na tangazo lolote mahali. Alichokuwa nacho ni jina lake, na ndilo lililolisha nyumba yake.

Siku ile alizitia koili zangu nukta, akazipanga kwenye boksi, kisha akashika plagi moja na kuniinulia.

"Koili ikigongwa kidogo itavumilia," akasema. "Lakini hii ni yai, Kariuki. Ikianguka, usifunge. Hata kama huoni ufa. Wewe itupe, ukuje nikupe ingine."

"Mama, hii kazi naijua," nikamjibu.

Asiyesikia la mkuu, wanasema, huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika. Nilivunja la mtu mwingine, na hilo ndilo baya.

Basi plagi ikaanguka. Niliiokota nikaigeuza mwangani. Ile sehemu nyeupe ya kauri ilikuwa safi, sikuona mstari wowote. Nilikumbuka maneno ya Mama Wanza vizuri sana, usije ukafikiri nilisahau. Lakini Ngara ni mbali na Dagoretti siku ya Jumamosi, na Mwalimu Muthoni alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akinitazama. Wajua wateja wa Nairobi: hawaachi gari kwa fundi wakaondoka, wanalilinda kama mtu anayelinda nyama kichinjioni. Sasa Daktari atasimamaje mbele yake aseme, nimeangusha? Niliifuta kwa kitambaa, nikaifunga kwenye silinda ya tatu. Gari likawaka vizuri, likanguruma kwa ulaini, Mwalimu akanishukuru akaenda. Nikajiambia, bahati.

Jumatatu asubuhi alirudi, na sura yake haikuwa ile. Gari lilikuwa likitetemeka kama mtu mwenye malaria. Injini ilikuwa ikimisi, yaani silinda moja inakataa kuwaka wakati wenzake wanawaka, na taa ya injini ilikuwa ikimemeta. Lilikuwa limemgomea pale Adams Arcade, kwenye foleni, honi zote za Ngong Road nyuma yake.

"Daktari, umenifanyia nini?" akauliza, mbele ya wateja wengine watatu.

Nilichomeka mashine. Ikafikiri, ikaandika namba. Silinda ya tatu.

Nilijua, mwanangu. Sitakudanganya katika uzee wangu. Mikono yangu ilijua kabla macho hayajamaliza kusoma. Nilifungua kinywa kusema, "Mwalimu, plagi iliniteleza." Ni maneno machache, hata mtoto wa nasari angeyasema. Lakini niliona wale wateja watatu wamenyoosha shingo, na kilichotoka ni kingine.

"Mwalimu, tuliuziwa koili feki."

Nikamgeuzia kioo cha mashine aone. Hakujua kukisoma, aliona namba tu, na namba ina heshima kuliko mtu. Mashine haikuwa imetaja koili. Ilisema silinda ya tatu basi. Mimi ndiye niliyeitia maneno mdomoni. Na njia ya kujua ukweli ilikuwepo, nayo haichukui hata nusu saa: unatoa koili ya silinda ya tatu unaiweka kwenye ya pili, unafuta namba, unawasha. Tatizo likihamia silinda ya pili, koili ndiyo mbaya. Likibaki pale pale, iache koili ya watu, kaangalie plagi, kisha waya, kisha noseli inayonyunyiza mafuta. Niliijua njia hiyo. Sikuifuata kwa sababu nilijua ingenipeleka wapi.

Nilitumaini Mwalimu atasema tu tubadilishe. Kumbe yeye ni mwalimu, anataka mkosaji asimame mbele ya darasa. "Twende huko Ngara sasa hivi," akasema. Ningeweza kukataa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati ule sikuona ncha yake, nikatoa koili ya silinda ya tatu nikaitia mfukoni, na tukaenda.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kama umewahi kusimama Ngara saa nne ya Jumatatu, unajua: mafundi wa mji mzima wako pale, wamebeba vipuri vya zamani kwenye magazeti wakitafuta vinavyofanana. Mlangoni kwa Mama Wanza walikuwepo kama kumi. Mwalimu akaanza, na alianza kwa sauti ya gwaride. Mama Wanza hakumkatiza. Aliichukua koili, akaitafuta nukta yake, akaiona, akanigeukia mimi.

"Na plagi umeangalia?" akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini. "Hakuna yenye ilianguka?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mama anayemuuliza mtoto kama ameoga. Lakini nilihisi amenishika shati mbele ya watu, joto likanipanda masikioni, na ulimi hauna mfupa.

"Unanifunza kazi?" nikapaza sauti ili wote wasikie. "Mashine imesema! Nyinyi ndio mnaua magari ya watu. Kutoka leo wewe ni Mama Feki!"

Watu wakacheka. Ndivyo mji huu ulivyo: neno likichekesha limeshapata makazi. Mmoja akalirudia, "Mama Feki!" na mwingine akalipigia mluzi. Mama Wanza alinitazama. Kisha akaingia ndani, akatoa koili nyingine, akafungua chupa yake ya rangi, akaitia nukta, akaipuliza, akampa Mwalimu. "Pole, Mwalimu, kwa kusumbuka," akasema.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo, maana hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Wakati Mwalimu bado anamkaripia yule mama, niliingia duka la jirani nikanunua plagi moja, nikaificha mfukoni. Tuliporudi gereji nilifunga koili mpya, na nikiwa nimeinama chini ya boneti, mgongo wangu ukimkinga Mwalimu asione, nikachomoa ile plagi iliyoanguka nikaweka nyingine. Nikafuta namba kwenye mashine. Nikawasha. Gari likatulia tuli.

"Unaona, Mwalimu?" nikasema. "Koili mpya, gari limepona."

Unaelewa, mwanangu? Nilitengeneza ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe. Kama ningenyamaza tu ingekuwa uongo wa mdomo, na mdomo watu huushuku. Lakini nilimpa ushahidi unaowaka na kunguruma, na nani atashuku gari linalonguruma vizuri? Mwalimu alinisifu kwa kila mtu. Kabla ya juma kuisha nilisikia wateja katika gereji yetu wenyewe wakionyana, usinunue kwa Mama Feki. Mmoja aliongeza kwamba lisemwalo lipo. Mimi niliyejua kwamba halipo nilikuwa hapo hapo chini ya gari, nikaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

Juma lililofuata Mama Wanza alikuja Dagoretti. Nilimwona akiingia langoni na kitu kidogo kimefungwa kwenye leso, nikajificha nyuma ya lori, fundi mzima na ovaroli yangu ya pasi. Hakunitafuta. Alimwendea Mzee Kamande, akamsalimu kwa heshima, akafungua leso. Ilikuwa ile koili niliyomrudishia.

"Mzee, nisaidie kupima hii," alimwambia. "Kama ni mbovu, nijue ni mzigo wote, niache kuuzia watu. Sitaki kuua gari ya mtu."

Hebu fikiria. Nimemtukana hadharani, biashara yake inaporomoka, naye anasafiri mpaka Dagoretti kwa kuhofia kwamba labda nilisema kweli.

Mzee Kamande alileta gari la gereji, lile la kuvutia mengine, ambalo injini yake ilikuwa ya namna moja na ya gari la Mwalimu. Akatoa koili moja akaweka ile yenye nukta. Akawasha, akaweka bisibisi yake sikioni, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akalichukua gari akaliendesha mpaka sokoni na kurudi, Mama Wanza kakaa kando yake, leso mkononi. Waliporudi, Mzee alimwambia neno moja tu: "Nzima." Mama Wanza aliitikia kwa kichwa, akaifunga koili yake tena, akaaga. Alipita karibu na lile lori nililojificha. Naamini aliviona viatu vyangu.

Mzee hakunifuata. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaniita kwa jina langu, si kwa lile la Daktari.

"Kariuki, koili ni nzima, na gari lilipona. Plagi uliyoitoa iko wapi?"

Ilikuwa kwenye sanduku langu la vifaa, nimeiviringisha kwenye kitambaa. Sijui kwa nini sikuitupa. Nilimletea. Aliisafisha kwa petroli, akaigeuza kwenye jua, na hapo nikauona: mstari mmoja mweusi mwembamba umeshuka kwenye kauri nyeupe, pale ambapo umeme ulikuwa ukitorokea kila injini ilipouhitaji. Kabla haijawaka ufa ule haukuonekana. Sasa ulikuwa umechorwa kama kwa kalamu.

"Hiyo mashine yako inakuonyesha chumba," Mzee akasema, "haikuonyeshi mwizi. Mwizi unamtafuta kwa mikono. Na wewe hukuhitaji hata kumtafuta. Ulikuwa unamjua."

Nikaanza kusema nitaenda kumwomba Mama Wanza msamaha. Nilimaanisha, wala sikuwa nikijitetea. Jioni hiyo hiyo nilienda, nikachagua saa maduka yanapofungwa, mafundi wameshatawanyika. Nilimkuta akivuta mlango wa chuma. Nikasema yote, na nilipofika kwenye plagi machozi yalinitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini umekuja saa hii kwa nini?"

Aliufunga mlango, akachukua mkoba wake, akaenda.

Asubuhi nilimweleza Mzee Kamande kwamba nimesamehewa, nikidhani atafurahi. Alikuwa anakunywa supu ya mifupa kwenye kikombe cha bati, kama kawaida yake. Alikiweka chini.

"Ulimvua nguo sokoni," akasema, "ukaenda kumvisha chumbani?"

Kisha akanyanyuka, akachukua mashine yangu, akaifungia kwenye kabati la ofisi, ufunguo akautia mfukoni. "Itakaa hapo mpaka urudi kutoka Ngara. Saa nne asubuhi."

Siku tatu zilipita kabla sijaenda. Siku tatu nilikuwa nikiamka na kujiambia leo, na kila siku nilipata kisingizio, mara mvua, mara gari la mtu. Nataka ujue hilo, usinifikirie shujaa. Siku ya nne nilianza kwa Mwalimu Muthoni shuleni kwake. Aliposikia, alisema, "Na mimi nilimtukana mwanamke wa watu kwa sababu yako," na akakataa kunipa mkono. Alienda Ngara yeye mwenyewe kuomba msamaha. Gari lake hakulileta kwetu tena.

Mimi nilifika Ngara saa nne. Watu walikuwa wamejaa. Nilisimama mlangoni kwa Mama Wanza, nikiishika ile plagi juu, nikasema kwa sauti. Nikasema koili ya huyu mama ilikuwa nzima, plagi niliiangusha mwenyewe, nikamsingizia, nikaficha, na lile jina ni uongo wangu. Nilitegemea wangenizomea. Laiti wangenizomea. Walisikiliza, baadhi wakacheka kidogo, mmoja akanipiga bega akasema, "Poa, brathe, umejikaza." Na fundi mmoja aliyekuwa mbele kabisa, ambaye alinisikia neno kwa neno, akageukia duka akasema, "Kumbe! Sasa, Mama Feki, nipatie fenibelti ya hii."

Hakuwa na ubaya. Aliamini nilichosema, na ndiyo maana alinunua. Lakini lile jina hakuliacha.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimefanya. Ile namba ya silinda ya tatu niliifuta kwa kubonyeza kitufe mara moja, na kompyuta ya gari ikasahau kabisa. Nilidhani watu nao wanafutika hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, nililisikia tangu utotoni, lakini sikulielewa mpaka nilipomsikia yule fundi akiitisha mkanda wake wa feni.

Wateja walirudi, sikatai, si wote lakini wa kutosha. Mama Wanza hakufunga. Miaka ikapita, nikaoa, Mzee Kamande tukamzika, nami nikarithi kiti chake cha plastiki na ule ufunguo. Siku moja nilifika Ngara nikakuta duka lake limepanuliwa, na juu ya mlango kuna ubao mkubwa, maandishi mekundu kama rangi yake ya kucha: MAMA FEKI, SPEA SAFI. Nilishindwa kuvuka barabara. Baadaye nilipata moyo wa kumuuliza kwa nini.

"Nilijaribu kulifuta, likakataa," akaniambia, bila kinyongo chochote. "Basi nikaliambia, kama hutoki, fanya kazi."

Watu hulipenda lile duka kwa sababu ya ubao. Wageni hulipiga picha wakacheka. Mimi sijawahi kucheka. Kila ninapopita Ngara nasoma dhambi yangu kwa herufi kubwa kuliko za kanisa.

Sasa Mama Wanza ameshastaafu, yuko Kitui na kuku wake, na duka liko kwa binti yake, Wanza mwenyewe. Mwezi uliopita nilienda kununua plagi. Alikuwepo kijana mmoja mteja, mgeni, akamuuliza, "Lakini madam, kwa nini mnaitwa Feki na vitu zenu ziko sawa?" Wanza alinitupia jicho mara moja. Nikajua kwamba mama yake alimweleza. Nilingoja aseme. Ningestahili, na nilikuwa tayari kusimama tena.

"Ni jina tu mtu alitupatia," alimwambia kijana. Kisha akanifungia plagi zangu kwenye gazeti, moja moja, akanikabidhi kwa mikono miwili kama wanavyofundishwa kuwapa wazee. "Zikianguka, Mzee," akasema kwa sauti ile ile ya chini ya mama yake, "usifunge."

Nilifika nyumbani sikula.

Basi mwanangu, nikuachie niliyonayo. Ukiangusha, sema umeangusha, na useme mapema, maana kosa likiwa mbichi linaoshwa kwa maji, likikauka linahitaji patasi. Mashine ikikupa namba, iheshimu, lakini usiitumie kuwapiga watu. Hamisha koili, chomoa plagi, gusa, angalia, na uanze kuangalia pale mkono wako mwenyewe ulipopita mwisho. Gari likianza kusumbua baada ya wewe kulifungua, mshukiwa wa kwanza ni wewe, wa pili ni wewe, ndipo uende Ngara. Ukimkosea mtu mbele ya watu, mrudishie heshima yake mbele ya watu hao hao, saa ile ile jua likiwa juu. Na usimpe mtu jina katika hasira, hata kama linachekesha, hasa kama linachekesha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kimeshapona mara nyingi. Mama Wanza amezeeka na neno langu juu ya mlango wake, na binti yake amelirithi, na wajukuu wake watalirithi, nami sina kitufe cha kubonyeza.

Mungu aibariki mikono yako. Aipe nguvu, aipe na utulivu, na ikiteleza, kama yangu ilivyoteleza, akupe ujasiri wa yale maneno machache ambayo mimi nilikosa. Ichafuke kwa grisi kila siku, mwanangu, na kila jioni ioshwe ikatakata, na pasiwe na jina la mtu lililobaki chini ya kucha zako.